Mwongozo Kamili wa Kuchagua Pa Kuishi kwa Anayefanya Kazi za Mtandaoni Afrika Mashariki

Mwaka niliohamia Jambiani, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini mashariki mwa Unguja, nililipa pango la miezi sita kabla sijalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba ile. Nilikuwa nimeiona mchana, maji yakiwa yamejaa, upepo ukivuma vizuri, na dalali akinisisitiza kwamba kuna mtu mwingine anakuja kuitazama jioni. Usiku wa kwanza, ilipofika saa mbili, taa zilififia, ruta ikazima na kuwaka mara tatu, na mteja wangu wa Toronto akabaki akizungumza na picha yangu iliyoganda. Nilihangaika hivyo kwa mwezi mzima, na katika mwezi wa pili kazi ile ikaniponyoka. Nyumba haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyeichagua kwa kutazama bahari badala ya kutazama saa zangu za kazi.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Afrika Mashariki ambaye kipato chake kinapita kwenye intaneti, awe mtunzi wa programu, mfasiri, mhariri wa video, mhasibu au mwalimu wa lugha, na ambaye ameanza kujiuliza kwa nini aendelee kulipia pango la Kinondoni, Dar es Salaam, au South B, Nairobi, wakati anayemlipa yuko Berlin na hajali anakaa wapi. Maelezo mengi yanayopatikana kuhusu wahamaji wa kidijitali yameandikwa kwa ajili ya mgeni anayekuja kwetu kufuata jua. Maswali yetu ni mengine: dalali na pango la miezi sita, sheha (kiongozi wa serikali wa eneo Zanzibar) na mjumbe wa mtaa wa bara, umeme wa saa mbili usiku, na namna ya kufika nyumbani kwa wakati ukipigiwa simu ya msiba.

Hatua ya kwanza: anza na saa zako, si ramani

Andika kwenye karatasi ni saa ngapi mteja au mwajiri anataka akupate, kisha uzigeuze ziwe saa za kwetu. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya Greenwich na hazibadilishi saa mwaka mzima. Rwanda na Burundi ziko saa 2 mbele. Oman, ambako wengi wa pwani wana ndugu, iko saa 4 mbele. Ofisi ya London inayofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni itakuhitaji kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni wakati wa kiangazi chao, na kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku wakati wa baridi yao. Ofisi ya New York au Toronto itakuhitaji kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku, na wakati wa baridi saa moja zaidi ya hapo. Ya San Francisco itakukesheza: saa moja usiku hadi saa tisa usiku, au hadi saa kumi alfajiri kuanzia Novemba.

Angalia pia tarehe za kubadilisha saa. Marekani na Kanada husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, kwa hiyo mwenye wateja pande zote mbili atakuwa na majuma mawili au matatu ambayo ratiba yake haifanani na ya kabla wala ya baada. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, jizoeze kuandika muda wa kikao kwa mtindo wa saa 24 na kutaja mji, kwa mfano 16:00 Nairobi. Nimeona watu waliozoea kusema saa kumi wakiandika 10:00 bila kujua, na kikao kikapita wao wakiwa sokoni.

Karatasi hiyo itakuamulia mambo mengi kabla hujafungua ramani. Anayefanya kazi na London anaweza kuishi karibu popote penye umeme wa kuaminika, kwa sababu siku yake inafanana na ya majirani. Anayefanya kazi na New York anahitaji umeme imara katika saa zilezile ambazo kila nyumba inapika, inapiga pasi na kutazama taarifa ya habari. Anayekesha na San Francisco anahitaji utulivu wa asubuhi ili alale, kwa hiyo nyumba iliyo jirani na shule ya msingi, gereji ya kuchomelea vyuma au jengo linaloendelea kujengwa haimfai, hata ikiwa nzuri namna gani na hata mwenye nyumba akiwa muungwana.

Hatua ya pili: jua mpaka unakuruhusu nini

Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Kwa raia wa kawaida, jambo kubwa ndani yake ni kwamba anaweza kuingia nchi nyingi wanachama kama mgeni, bila kulipa ada ya viza, na kupewa muda wa hadi miezi sita. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza hata kuvuka mipaka baina yao kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Anayeingia au kutoka Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inahesabika kuwa halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, ili usijikute unajadiliana na afisa wa afya mpakani kuhusu tarehe iliyoandikwa humo.

Lakini ruhusa ya mgeni si ruhusa ya kazi. Kuandika programu kwa ajili ya kampuni ya Stockholm ukiwa umekaa Kilifi ni jambo ambalo sheria nyingi za zamani hazikulifikiria. Kutafuta wateja mjini Kilifi ni jambo ambalo zimelifikiria vizuri sana na kulikataza bila kibali. Kenya ilitangaza Oktoba 2024 kibali maalumu kwa wageni wanaoishi humo huku wakilipwa kutoka nje, na mwenye nia ya kukaa zaidi ya miezi sita aulizie masharti yake Idara ya Uhamiaji kabla ya kusafiri. Tanzania nayo ilitoa amri Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na uongozaji wa watalii. Mkenya anayeishi Arusha kwa kazi ya mtandaoni asishawishike kufungua kibanda cha kutengeneza simu pembeni.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza hama ndani ya nchi yako. Mtu wa Dodoma anayehamia Moshi, au mtu wa Nakuru anayehamia Watamu, anajifunza mambo yote ya uhamaji isipokuwa uhamiaji, na makosa yake yanagharimu nauli ya basi tu. Mtanzania wa bara anayekwenda Zanzibar hahitaji pasipoti, lakini akumbuke kwamba anaingia mahali penye serikali yake, kitambulisho chake cha ukaazi na sheha wa shehia ambaye anapaswa kujua nani anaishi wapi.

Hatua ya tatu: umeme na intaneti

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoumia.

Anza na umeme. Unguja inapata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza, wa 1980, ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, uliwashwa 2013 na hali ikabadilika sana. Nasimulia hayo ili uone kwamba kila mahali pana kamba yake moja ambayo ikikatika kila kitu kinasimama, na kazi yako ni kuijua kabla ya kuhamia. Kijijini kamba hiyo mara nyingi ni transfoma moja inayolisha hoteli na nyumba za wenyeji kwa pamoja. Waulize majirani watatu tofauti, wala usimuulize dalali: umeme ulikatika lini mara ya mwisho, ulikaa muda gani, na taa hufifia saa ngapi? Mwenye duka la vinywaji baridi na fundi cherehani watakujibu vizuri kuliko yeyote, kwa kuwa umeme ukikatika wao ndio wanaopata hasara kwanza.

Kisha fanya hesabu ya akiba yako. Kompyuta mpakato ya kawaida hutumia wati 50 hivi inapofanya kazi, na ruta wati 10. Jumla ni wati 60, na kwa saa nane za kazi unahitaji wati-saa 480. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ikiwa ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, na inveta nayo inakula sehemu yake. Unabakiwa na wati-saa 500 na kitu, yaani siku moja ya kazi bila feni na bila taa. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo itakupa zaidi ya hapo, lakini bei yake ni kubwa. Asiye na uwezo huo anunue angalau betri ndogo ya ruta, ile inayogharimu kiasi cha mlo wa familia wa wikendi, kwa sababu mara nyingi kompyuta yako ina chaji ya saa tatu lakini kikao kinakatika kwa kuwa ruta imezimika. Anayesafiri kwa ndege ajue kwamba betri ya kubebea chaji (power bank) hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia buti la ndege, na kwamba mpaka wa kawaida wa kuibeba mkononi bila kuomba kibali ni wati-saa 100.

Intaneti nayo usiipime kwa kasi peke yake. Kikao cha video kinahitaji megabiti 3 au 4 kwa sekunde kwenda na kurudi, na kasi hiyo hata mnara wa simu kijijini unaweza kuitoa saa nne asubuhi. Swali ni kama unaitoa saa mbili usiku wakati kijiji kizima kiko mtandaoni, na kama unaitoa katika kupakia na si kupakua tu. Pima mara tatu kwa siku kwa siku tatu, ukiwa ndani ya chumba utakachofanyia kazi na mlango umefungwa, kwa sababu ukuta mnene wa mawe na chokaa wa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe au Lamu hula mawimbi. Hesabu na matumizi: saa moja ya kikao cha video hutumia takriban gigabaiti 1, kwa hiyo mwenye vikao vya saa tatu kwa siku atahitaji zaidi ya gigabaiti 60 kwa mwezi kwa vikao pekee. Bando la simu kwa kiwango hicho litakula faida yako. Palipo na faiba, lipia faiba, halafu weka laini mbili za kampuni tofauti kama akiba.

Nasema kampuni tofauti, lakini hata hilo halitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na karibu Afrika Mashariki nzima ikapungukiwa kasi, Tanzania ikiumia zaidi. Waliokuwa na laini tatu waligundua kwamba zote tatu zilitegemea nyaya zilezile baharini. Sahani ya setilaiti inakwepa tatizo hilo: Starlink ilianza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023. Hata hivyo kufikia katikati ya 2025 ilikuwa haijapewa leseni Tanzania, kwa hiyo kuinunua Nairobi na kuivusha Namanga si suluhisho bali ni tatizo la forodha na la mamlaka ya mawasiliano.

Kuna ukatikaji mwingine ambao si wa nyaya. Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilikosa intaneti kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Kalenda ya uchaguzi inajulikana miaka mitano kabla. Mwambie mteja mapema, maliza kazi kubwa kabla ya wiki hiyo, au uwe umeshavuka mpaka kwa muda. Kwa waliopo Tanzania, kumbuka pia tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023, linalowataka wanaotumia VPN, yaani njia binafsi iliyofichwa ya kupitishia mawasiliano ya mtandaoni, kwa shughuli zao kuisajili. Waajiri wengi wa nje hulazimisha wafanyakazi kuingia kwenye mifumo yao kwa VPN, hivyo jaza fomu hiyo mapema badala ya kuishi kwa wasiwasi.

Hatua ya nne: punguza orodha hadi miji miwili

Sitakupa orodha ya miji kumi bora, kwa sababu ubora unategemea karatasi yako ya saa. Nitasema nilivyopaona mahali nilipokaa.

Nairobi ndiyo yenye intaneti ya faiba iliyoenea zaidi, ofisi za pamoja nyingi, na watu wa kazi kama yako wa kukutana nao. Anayeanza na bado anatafuta wateja atafaidika kukaa hapo hata kwa gharama kubwa. Kigali ni tulivu na salama kutembea usiku, jambo ambalo anayerudi nyumbani saa saba usiku atalithamini, ila pango la nyumba nzuri linaumiza. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akija Juni au Julai asije bila sweta. Moshi iko chini kidogo, ina joto zaidi, ni mji mdogo unaoweza kuumaliza kwa baiskeli, na ina hospitali ya rufaa ya KCMC. Mimi hapo nilifanya kazi vizuri kuliko mahali pengine popote, pengine kwa sababu hakukuwa na cha kunitoa ndani mchana.

Pwani ina hesabu yake. Kilifi iko karibu kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, karibu kiasi cha kukufikisha hospitali kubwa au kituo cha treni ya SGR bila kupoteza siku. Lamu haina magari katika mji wake wa kale, na uzuri wake haulinganishwi, lakini kila kifaa kinachoharibika kinasubiri boti. Paje na Jambiani zina jamii kubwa ya wageni wanaofanya kazi mtandaoni na mikahawa iliyozoea kompyuta mezani, ila maji ya visima vingi yana chumvichumvi, vyuma vya kompyuta vinapata kutu kwa hewa ya bahari, na kutoka huko hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa saa moja na zaidi. Fumba, karibu na uwanja wa ndege wa Unguja, haina mandhari ya Jambiani, lakini ina miundombinu mipya, na serikali ya Zanzibar ilipozindua mpango wake wa kuvutia kampuni za teknolojia mwaka 2022, Fumba ndiyo iliyotengwa.

Kigezo kimoja hutakikuta kwenye miongozo ya wageni: msiba. Piga hesabu ya safari kutoka mlango wa nyumba mpya hadi kwenu, usafiri ukianza saa kumi na mbili asubuhi, na uone kama unafika kabla ya mazishi. Kwa familia ya Kiislamu, ambapo maiti huzikwa mapema, hesabu hiyo inaweza kufuta visiwa vyote kwenye orodha yako. Mimi kwetu ni Morogoro, na tangu treni ya SGR ilipoanza kutoka Dar es Salaam Juni 2024, boti ya asubuhi kutoka Unguja na treni ya mchana vinanifikisha nyumbani siku hiyohiyo. Kabla ya hapo nilikosa maziko ya shangazi yangu, na hadi leo naona uzito nikikutana na watoto wake.

Hatua ya tano: mwezi wa majaribio, katika msimu mbaya

Usihamie. Nenda kwanza kama mpangaji wa mwezi mmoja, katika nyumba yoyote, hata ghali kidogo kuliko bajeti yako. Na uende wakati mahali hapo panapokuwa pabaya: pwani nenda wakati wa masika, Aprili au Mei, ambapo mvua inaonyesha paa linalovuja, barabara inayojaa matope na umeme unaokatika kwa radi; Arusha nenda Julai; na Jambiani, kama unaogopa upepo, nenda wakati wa kusi. Aprili na Mei zina faida nyingine: watalii wameondoka, nyumba nyingi ziko tupu, na mwenye nyumba anasikiliza. Ukitafuta Agosti au Desemba unashindana na wageni wanaolipa kwa usiku.

Katika mwezi huo fanya kazi saa zako kamili, wala usipunguze vikao. Weka daftari na uandike kila siku umeme ulipokatika, intaneti ilipolega, ulilala saa ngapi, na ulitumia shilingi ngapi kwa chakula. Mwisho wa mwezi daftari litakuwa limeamua kwa niaba yako. Kama mwezi huo umeangukia Ramadhani, elewa kwamba pwani migahawa mingi hufungwa mchana na kwamba kula hadharani Zanzibar mchana hakukubaliki. Kwa anayefanya kazi usiku, hata hivyo, Ramadhani ni mwezi mzuri sana, kwa sababu mji mzima uko macho hadi daku.

Hatua ya sita: nyumba na mkataba

Tanzania bado inatawaliwa na desturi ya kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na pango la mwezi mmoja kwa dalali. Chukulia nyumba ya Sh 350,000 kwa mwezi: siku ya kwanza zinakutoka Sh 2,100,000 za miezi sita na Sh 350,000 za udalali, kabla ya godoro na jiko. Kenya desturi ni kulipa mwezi wa kwanza na amana, kisha mwezi kwa mwezi, jambo linalomfaa zaidi mhamaji. Lakini hata Tanzania miezi mitatu inapatikana ukiomba kwa adabu, ukizungumza na mwenye nyumba mwenyewe na si dalali, na ukiwa tayari kuongeza kidogo kwa mwezi. Omba pia kipengele kinachosema kwamba ukiondoka kabla ya muda kwa taarifa ya siku 30 utaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine amalizie. Wenye nyumba wengi hukikubali kwa sababu hakiwagharimu kitu.

Bei ikitajwa kwa dola, kama ilivyokuwa mazoea Masaki na pwani ya Unguja, taja kwa upole kanuni zilizotangazwa Machi 2025, zinazokataza huduma na bidhaa za ndani ya Tanzania kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mkataba uandikwe kwa shilingi. Kabla ya kutia saini, angalia kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, kama ina deni, na kama maji yanatoka bombani au yanaletwa kwa gari. Kaa ndani ya chumba dakika thelathini kimya ukisikiliza.

Hatua ya saba: jitambulishe

Mtu anayejifungia ndani mchana kutwa, kisha usiku anasikika akizungumza peke yake kwa Kiingereza, atazungumzwa mtaani. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa wiki ya kwanza. Zanzibar nenda kwa sheha. Mimi nilikwenda wiki ya tatu, na nilijuta kuchelewa. "Shikamoo, Sheha," nilisema. "Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tukisubiri uje mwenyewe. Hiyo kazi yako hasa ni ipi?" Nilifungua kompyuta nikamwonyesha tovuti niliyokuwa nikiitengeneza, akaitazama kwa makini, akaniuliza maswali mazuri kuhusu malipo, na tangu siku ile hakuna aliyenisumbua. Mjulishe pia mlinzi wa mtaa na dereva mmoja wa bodaboda unayemwamini, hasa kama unarudi usiku.

Wahi pia kujua zahanati iliyo karibu, hospitali yenye daktari wa usiku, na kama bima yako inapokewa huko. Bima ya Kenya haikusaidii Moshi, wala ya Tanzania haikusaidii Kilifi, isipokuwa mkataba wake useme hivyo.

Hatua ya nane: fedha na kodi ya mapato

Panga njia mbili za kupokea malipo kabla ya kuhama, na uzijaribu kwa kiasi kidogo. Mkenya anaweza kupokea kwa PayPal na kuhamishia M-Pesa. Mtanzania kwa miaka mingi amekuwa akiweza kulipa kwa PayPal lakini si kupokea, hivyo hutegemea Payoneer, uhamisho wa benki au Wise. Akiba ya pango la miezi mitatu na nauli ya kurudi kwenu iwe kwenye akaunti usiyoigusa.

Kuhusu kodi ya mapato, jua idadi ya siku zako. Tanzania na Kenya zote humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa kodi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Na mwenye makazi ya kudumu katika nchi anahesabiwa mkaazi hata akikaa humo siku chache mwaka huo. Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake hata yakitoka nje ya nchi. Maana yake ni kwamba Mtanzania mwenye nyumba Morogoro hajaondoka mikononi mwa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa sababu tu amekaa Kilifi miezi mitano, na akiongeza miezi miwili KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nayo itakuwa na haki ya kumuuliza. Hifadhi mihuri ya pasipoti, ankara na risiti za benki katika faili moja, na umlipe mhasibu mara moja kwa mwaka akutazamie.

Kila miezi mitatu rudia karatasi ya saa na daftari la umeme. Wateja hubadilika, na mji uliokufaa ulipokuwa na mteja wa London unaweza usikufae ukimpata wa California. Ukiamua kuondoka, toa taarifa kwa maandishi, lipa deni la LUKU na maji, piga picha kila chumba kikiwa kitupu, mrudishie mwenye nyumba funguo mkononi, na upite kwa mjumbe au sheha kumuaga, ili siku ukirudi kutafuta nyumba nyingine mlango wake uwe wazi.